Mashine ya leza ya watu sita: tulivyoua tyubu, na tunavyoitunza sasa

Leo siongelei matangazo wala namna ya kupiga picha ya bidhaa. Naongelea mashine. Wengi mnanifuata inboksi, "Kaka, hivyo vifungo vya kifuu na vibao vya majina unavikatia wapi? Nami nataka kununua leza, bei gani?" Bei isiwe swali la kwanza. Kwanza jiulize kama utaweza kukaa nayo chumba kimoja bila kukuunguzia nyumba. Kaeni nikwambieni yetu.

Mimi niko Mwera, wilaya ya Pangani, ng'ambo ya mto. Anayekwenda Ushongo baharini anatupitia. Tuko sita: seremala wawili, mama mmoja wa mikoba, kijana wa vibao vya maduka, dada wa kadi za harusi, na mimi wa vifuu. Hakuna kati yetu aliyeweza kununua mashine peke yake, tukachanga. Tukapata ile ndogo ya Kichina ya wati 40, ya tyubu ya kioo, imeshatumika. Tukakodi chumba, tukaweka meza, kila mtu akapewa ufunguo. Ufunguo sita, mwenye mashine hakuna. Hapo ndipo tulipokosea, ila wakati ule tuliona ndiyo undugu wenyewe.

Mwezi wa tatu tulipoteza tyubu. Dada wa kadi alikuwa na oda ya harusi ya Dar, vipande 150 vya majina ya wageni, Jumamosi viwe vimefika. Alhamisi jioni akawasha mashine, akaweka plaiwudi, akabonyeza. Dakika ya pili akasikia "tak", mwanga ukapotea. Tyubu imepasuka. Kumbe mchana mtu aliingia kuchaji simu, soketi zimejaa, akachomoa plagi moja "isiyo na kazi". Ilikuwa ya pampu ya maji. Mpaka leo hakuna aliyesema ni yeye, na mimi nimeacha kuuliza. Tyubu mpya ilitugharimu laki tano na nusu mpaka kutufikia, wiki tatu tumekaa bila kazi, na dada wa watu akarudisha pesa ya mteja pamoja na pole juu. Yule bibi harusi alikuwa na wafuasi wengi. Mnajua mwenyewe maneno yanavyosafiri.

Sasa nieleze kwa nini ikawa hivyo, maana ukielewa sababu huhitaji kukariri sheria.

Ndani ya ile tyubu kuna mchanganyiko wa gesi: kaboni dayoksaidi, naitrojeni na heliamu. Umeme mkali sana, wa volti elfu kumi na zaidi, unapita ndani yake na gesi inatoa mwanga usioonekana kwa macho. Kazi hii si ya jana. Leza ya gesi hii aliigundua Kumar Patel huko Bell Labs, Marekani, mwaka 1964. Lakini sehemu kubwa ya umeme unaoingia haigeuki mwanga, inageuka joto. Ndiyo maana tyubu imevishwa koti la kioo, na maji yanapita kati. Maji yakisimama, kioo cha ndani kinapata moto huku cha nje bado baridi, kinapasuka. Haihitaji saa nzima, dakika tu.

Kwa hiyo jambo la kwanza tulilofanya: pampu na mashine sasa viko kwenye kebo moja yenye swichi moja, na plagi yake imefungwa kwa kamba ya plastiki. Huwezi kuwasha kimoja bila kingine. Halafu tukaweka kifaa kidogo kinachopima mtiririko wa maji. Maji yasipopita, leza haitoki. Ni kifaa cha bei ndogo kabisa ukilinganisha na tyubu. Na kwenye ukuta wa pili tukaweka soketi za simu, za simu tu. Watu watachaji simu zao, usipoteze nguvu kukataza, wape pa kuchajia.

Maji yenyewe. Usitie ya kisima. Visima vyetu vya pwani vina chumvi, na maji ya chumvi yanapitisha umeme, tena yanaacha ukoko ndani ya koti. Tunatumia maji ya betri yale yaliyochujwa kabisa, yasiyo na asidi, na tunabadilisha yakianza kuwa na utelezi au rangi ya kijani. Ndoo ina mfuniko. Siku moja nilikuta mjusi mle ndani, sina la kuongeza.

Joto ndilo linalotusumbua zaidi watu wa pwani. Maelekezo mengi utayaona yanasema maji yakae nyuzi 15 hadi 20 na kidogo. Maelekezo hayo hayakuandikwa na mtu aliyekaa Mwera mwezi wa pili. Kwetu asubuhi tu ndoo inasoma 28. Tunagandisha chupa za maji, tunazitumbukiza zikiwa zimefungwa. Lakini angalia hapa, kuna mtego. Hewa yetu ina unyevu mwingi. Ukipoza maji kupita kiasi, tyubu inaanza kutoa jasho nje kama soda iliyotoka kwenye friji. Jasho hilo likikaa karibu na waya wa umeme mkali, umeme unaruka. Mimi sishushi chini ya 22, na nikiona umande nasimama nasubiri. Ikipita 30 pia nasimama. Katikati hapo ndipo pa kufanyia kazi, na miezi ya joto maana yake ni kufanya kazi alfajiri na usiku. Oda za mwezi wa kwanza na wa pili nawaambia wateja siku mbili zaidi tangu mwanzo. Hakuna aliyekimbia kwa sababu hiyo. Wanakimbia ukiwaahidi kesho halafu ikapita.

Tukija kwenye moto, nisikilizeni vizuri, maana hapa mimi ndiye niliyekosea.

Kifuu kina mafuta na ni mkaa mtarajiwa, kila mmoja anajua kwao jikoni kinavyowaka. Nilikuwa nakata vifungo 80, nimeshakata kama 50, simu ikaita. Mteja wa Arusha, anataka kujua bei ya jumla. Nikatoka nje kwenye mtandao mzuri, nikaanza kumtumia picha. Nadhani zilipita dakika nne. Niliporudi kulikuwa na mwali ndani ya mashine wa urefu wa kiganja, unakula kile kipande na unaramba mfuniko. Nilishukuru Mungu kwamba mlango ulikuwa wazi nikanusa.

Mashine hii haikatwi jicho. Si dakika nne, si dakika moja. Ukitaka kwenda chooni, bonyeza kusimamisha. Mteja akipiga, hajafa, utampigia. Wenzangu wanasema wao huweka kamera ya simu wakaangalia kwa mbali. Kamera haizimi moto, inakuonyesha tu ulivyoungua.

Moto ukitokea fuata mtiririko huu. Bonyeza kizimio kikubwa chekundu, kisha zima ukutani, na kwa kufanya hivyo pampu ya hewa na feni zinazimika pia, maana hewa ndiyo inayolisha moto. Usifungue mfuniko kwa pupa. Mwali mdogo mara nyingi unakufa wenyewe mwanga ukikatika. Usipokufa, tumia mtungi wa kuzimia moto wa gesi ya kaboni dayoksaidi. Mtungi wa unga nao unazima, lakini ule unga unaingia kwenye vioo, reli na mota, mashine huwa haina maisha tena. Hata hivyo, kama ndio ulio nao na moto unakua, piga unga, mashine hununuliwa. Maji usimwage kabla umeme haujazimwa. Na ukiona umeshika meza au dari, toka nje ufunge mlango, upige 114 kwa zimamoto, uite majirani. Sisi tuko ng'ambo ya mto, hatupangi kazi zetu kwa kutegemea gari litatuwahi. Ndiyo maana mtungi uko mlangoni na si nyuma ya mashine, ili uuchukue ukiwa unaelekea kutoka.

Masalia ya kifuu na mbao hayaingii kwenye pipa la ndani. Yanakwenda kwenye debe la bati nje. Kaa linajificha. Na trei ya chini ya mashine inamwagwa kila baada ya kazi, kwa sababu vumbi na vipande vilivyokusanyika kule chini ndivyo vinavyoshika kwanza, tena hutaviona.

Jambo la tatu ni vitu gani visiingie. Hili lilituletea ugomvi kweli. Mama wa mikoba alileta reksini, ile ngozi ya bandia, akakata maua ya kupamba. Vikatoka vizuri mno, hata mimi nilivisifu. Wiki moja baadaye reli zina kutu, skrubu zina kutu, na kijana wa vibao analalamika kifua kinabana. Reksini nyingi ni PVC. PVC ikichomwa inatoa gesi yenye klorini, ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Unyevu tunao wa kutosha huku, na mapafu yako nayo yana unyevu. Nikamwendea, nikamwambia, "Shangazi, hii siyo." Akanijibu, "Mwanangu, ngozi ni ngozi, mbona ya seremala inatoa moshi hamsemi?" Alikuwa na haki ya kuuliza, hakuna aliyewahi kumwambia.

Basi orodha yetu iko ukutani kwa herufi kubwa. Inaruhusiwa: mbao kavu, plaiwudi nyembamba, karatasi, kadibodi, kitambaa cha pamba, kifuu kilichosuguliwa kikawa safi, akriliki. Hairuhusiwi: reksini, vinili za stika, mabomba ya plastiki, na plastiki yoyote ambayo mwenyewe hajui jina lake. Polikaboneti, ile plastiki ngumu ya kuezekea, inaungua kahawia na kutoa moshi mbaya bila kukatika vizuri. Sponji na maboksi ya foamu yanashika moto haraka. Ngozi ya kweli nayo uliza imetengenezwa vipi, iliyolainishwa kwa kromu moshi wake ni sumu. MDF inaruhusiwa, ila gundi yake ina kemikali inayowasha macho, kwa hiyo feni iwe kwenye nguvu ya mwisho.

Kuna kipimo kimoja cha mtaani cha plastiki usiyoijua. Chukua waya wa shaba, ushike kwa koleo, upashe kwenye moto wa gesi mpaka uwe mwekundu. Uguse kwenye ile plastiki ipate kuyeyuka kidogo juu ya waya, kisha urudishe waya motoni. Mwali ukigeuka kijani kibichi, ina klorini, irudishe ulikoitoa. Fanya nje, simama upande upepo unakotokea, usivute ule moshi.

Moshi sasa. Barakoa ya kitambaa inazuia vumbi, haizuii gesi. Dawa ni kuutoa nje. Sisi tulitoboa ukuta wa kusini tukapitisha bomba, tukajiona mafundi. Kaskazi ikivuma kila kitu safi. Kusi ilipoingia moshi wote ukawa unarudi ndani, tunakohoa kama tumekaa kwenye kioko cha mkaa. Tukaongeza kiwiko na kulipandisha bomba juu ya paa. Kabla hujatoboa ukuta, kumbuka upepo una misimu, na fikiria dirisha la jirani liko wapi. Jirani akikuchukia karakana haina umri.

Usafi wa lenzi utakupa pesa zaidi kuliko nguvu ya mashine. Watu wakiona haikati, wanaongeza nguvu, tyubu inachakaa upesi. Mara nyingi lenzi ni chafu tu. Zima, chomoa, iache ipoe, nawa mikono. Toa lenzi kwa kushika kingo zake. Pamba ya kijiti pamoja na spiriti safi ya aisopropili, futa taratibu kutoka katikati kwenda nje, kila mzunguko pamba mpya. Usisugue kavu na usitumie kona ya kanga. Ukirudisha, upande uliobinuka utazame juu. Lenzi nyingi hizi zimetengenezwa kwa zinki selenaidi, ambayo ni sumu. Ikivunjika usiokote vipande kwa mkono mtupu, vaa glovu, futa kwa karatasi ya maji, funga kwenye mfuko, nawa.

Vioo vya kurudisha mwanga ni vitatu, navyo vinafutwa hivyo hivyo. Kila mwezi nabandika kipande cha teipu ya karatasi mbele ya kioo, napiga mwanga kidogo, naangalia alama iko wapi, karibu na mbali, kona zote nne. Alama ikihama, kuna kioo kimelegea. Mashine inayokata vizuri kona ya kushoto na kushindwa ya kulia ugonjwa wake karibu siku zote ni huu.

Reli zinataka mafuta mepesi ya mashine, tone tu, baada ya kufuta vumbi. Mmoja wetu, simtaji, alipaka mafuta ya nazi. Kwetu nazi ni dawa ya kila kitu, namwelewa. Lakini mafuta ya nazi yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na asubuhi za mwezi wa saba kichwa cha mashine kilikuwa kinakwenda kama mzee anayepanda ngazi. Vumbi nalo likanata. Ilituchukua siku nzima kusafisha.

Nyuma ya mashine kwenye boksi la umeme hafungui mtu. Hata ikiwa imechomolewa, chaji inaweza kubaki mle, na ile haikupi onyo. Waya wa athi lazima uwe umefungwa kwelikweli, si kuning'inia. Tulimwita fundi umeme akaupima, na hiyo ni pesa ambayo sikuionea uchungu.

Macho nayo. Mwanga wa mashine yetu hauonekani, na mfuniko wake wa akriliki unauzuia, ndiyo sababu tumefunga swichi: mfuniko ukifunguliwa, leza inakata. Lakini nawaona wengi mnanunua zile ndogo za wazi zenye mwanga wa buluu, unaweka mezani nyumbani, watoto wamekaa wanaangalia. Hizo ni hatari zaidi kwa macho, maana mwanga wa buluu unapita kwenye akriliki angavu kama unavyopita dirishani, na unafika mpaka nyuma ya jicho. Miwani ya jua haisaidii. Kunahitajika miwani iliyotengenezwa kwa rangi hiyo hiyo ya mwanga, kwa kila aliyemo chumbani, au uijengee boksi.

Mwisho wa vikao vingi tukakubaliana kuwa na daftari moja limefungwa kwa uzi kwenye meza. Ukifika unaandika jina, saa, joto la maji, unakata nini. Ukimaliza unaandika dakika ngapi na kama kuna kitu hakikuwa sawa. Ufunguo sasa ni mmoja, tunapokezana wiki kwa wiki, na mwenye ufunguo ndiye mwenye mashine wiki hiyo, anasafisha lenzi na kujibu maswali. Mgeni haguse mpaka akate kazi tatu akiwa amesimamiwa.

Tunalipa kwa dakika. Mwanachama shilingi 100, mtu wa nje 250. Kuna aliyeona ni wizi, "nilipe mashine yangu mwenyewe?" Tukampigia hesabu. Tyubu laki tano na nusu, ukiitunza ikupe kama saa 1,000, hiyo tu ni shilingi 550 kwa saa. Weka umeme, lenzi, spiriti, maji, kodi ya chumba, na akiba ya tyubu nyingine. Baada ya hapo kila mmoja alianza kuweka dakika za mashine kwenye bei ya bidhaa yake, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analifanya. Kifungo changu cha kifuu kinakula sekunde 40, yaani kama shilingi 67. Nilikuwa nauza kumi kwa elfu moja na kujisifu nina faida.

Yule dada wa kadi amerudi kupata oda za harusi. Jana alikuwa na 200 za Tanga mjini, akaanza saa kumi na moja alfajiri maji yakiwa 24. Simu yake aliiacha kwenye soketi ya ukutani, imelaliwa kifudifudi. Wateja wake sasa wanapata ujumbe wa kujijibu: "Niko kwenye mashine, nitakujibu saa tatu." Nami nimeuiga, neno kwa neno.